Wajukuu Tumboni mwa Mtani

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa chooni, nimekiziba kipaza sauti kwa kanga ya Mama niliyoikunja mpaka ikawa kama mto, namwomba Mungu choo kisiseme kwa nguvu.

Kikasema kwa nguvu.

"Damari Chibago. Kilo arobaini na tatu. Shamba lako linapendeza, ila mboga za majani umezikwepa tangu Jumapili. Siku njema."

Huko nje kwenye karo dada yangu Loisi akapasuka kicheko. "Damari! Hata choo kinajua mchicha wako unaliwa na kuku!"

Na ng'ambo ya ukuta, jirani yetu Mama Dorkasi naye akaitikia, "Kula mboga, mwanangu!"

Vyoo vya watu wengine vinanong'ona. Chetu kinapiga kelele kwa sababu Bibi Yusta hasikii vizuri, na Baba aliona si haki mtu asomewe habari za tumbo lake na mwenyewe asizisikie. Akapandisha sauti mpaka mwisho, kitufe kikavunjika hapohapo. Basi tangu siku hiyo mambo ya matumbo yetu yanajulikana mpaka barabarani. Na mimi ndiye yule mtu ambaye mwalimu akimtaja jina tu darasani, anaangusha kalamu makusudi ili ajifiche chini ya dawati. Hebu nionee huruma.

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Bibi alikuwa anasubiri mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, kanga mbili mabegani, amekaa kama jaji.

"Pisha, mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, kwamba mimi na yeye wote tumeolewa na Babu. "Na mimi nikasomewe."

Nikamsaidia kukaa, nikafunga mlango, nikasubiri. Loisi aliacha kusugua sufuria. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Yusta Chibago. Kilo thelathini na sita. Shamba: tupu. Tafadhali panda mbegu."

"Kinasemaje?" Bibi akauliza kutoka ndani.

"Kinasema upande mbegu, Bibi!"

"Kiambie mbegu zangu zimeliwa na Mhehe!"

Loisi akacheka, nami nikacheka, ila Mama alirudi jikoni bila kucheka. Wiki iliyopita Bibi alikuwa thelathini na saba.

*

Ngoja nieleze kuhusu shamba, maana ndilo lililoleta yote haya.

Ukila ugali, huli peke yako. Ndani ya utumbo mpana kuna bakteria wengi kuliko majani ya Mpwapwa nzima wakati wa masika, na kazi yao ni kusubiri makapi ambayo tumbo lako limeshindwa kuyasaga. Wanayachachua, wanatoa asidi ndogondogo za mafuta, na mwili unazinyonya kama mlo wa pili ambao hukuupika. Sasa, kuna bakteria wavivu wanaoacha vitu vipite, na kuna wachoyo wasioacha hata chembe. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula sinia moja, tonge kwa tonge, mmoja akanenepa na mwenzake akabaki kama ufagio. Mwalimu Restituta, anayetufundisha sayansi, anasema zamani watafiti waliwakuza panya wasio na bakteria hata mmoja, wakawapandia wa panya mnene, na wale panya wakanona bila ya kuongezewa chakula. Watu wa wakati huo walishangaa sana. Siku hizi mbegu za tumbo ziko dukani kwa Mama Dorkasi, rafu moja na sabuni: za kupunguza, za kuongeza, na kidonge cha kufyeka, ambacho kinaondoa shamba lote ili uanze upya.

Bibi alivunjika nyonga kwenye ngazi za kanisa. Daktari wa mifupa anakuja mjini kwetu mara moja kwa mwaka, na safari hii anakuja mwisho wa mwezi ujao. Alishasema wazi: mgonjwa wa chini ya kilo arobaini hamlazi mezani, mwili hautahimili. Asipofika uzito, nafasi yake anapewa mwingine, na Bibi anasubiri mwaka mwingine kwenye kiti. Na mwaka mwingine kwa Bibi si kitu cha kuahidiana.

Mbegu za dukani zilimkataa. Zote. Zilikaa tumboni mwake siku mbili tatu zikafa. Mwalimu Restituta akasema huenda tumbo la Bibi linataka watu wa kwao. Nikafikiria, watu wa kwao ni nani? Nikaona kibuyu cha maziwa cha mama yake Bibi, kimening'inia jikoni tangu sijazaliwa. Nikakikwangua kwa ndani, nikapeleka ukoko shuleni. Bakteria walikuwemo, wamelala. Muhula mzima niliwaamsha kwa maziwa ya vuguvugu, nikawa nawapa pumba, na kila mara nawabakiza wale tu waliokamua pumba mpaka tone la mwisho. Hao ndio wachoyo wa kwanza niliowapenda maishani. Zahanati ikawapima, ikatoa kibali: watumike kwa tumbo moja tu, la Yusta Chibago, na mbegu isibaki maabara hata tone.

Bibi akawaita wajukuu. "Wajukuu wangu wanakuja lini?" Kila siku hivyo.

Alimeza kidonge cha kufyeka, tumbo likawa jeupe, tayari kupandwa. Nami nikaosha kila chombo cha maabara, kama sheria inavyotaka. Wajukuu nikawaleta nyumbani kwenye vibuyu viwili vya maziwa: kimoja cha kunywa, kilekile cha mama yake Bibi, na kingine cha akiba. Bibi mwenyewe ndiye aliyechagua siku. "Nitawanywa siku ya mahari ya Loisi," akasema. "Siku moja waingie wakwe na wajukuu."

Hapo ndipo tulipokosea. Maana wakwe ni Wahehe, na sisi ni Wagogo, na Mgogo na Mhehe ni watani.

*

Kwa yule asiyejua: mtani anaweza kukutukana mbele ya askofu ukacheka. Anaweza kuchukua kuku wako, kofia yako, sahani yako ya pilau, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umevunja kitu kikubwa kuliko kuku. Sisi tunawatania Wahehe kwamba wanakula mbwa, wao wanatutania kwamba sisi ni ombaomba.

Siku ya mahari walikuja kwa kuruka. Mshenga wao, Mzee Kalolo Nyenza, ni rubani wa kipanga, yale magari ya angani yenye pangaboi sita yanayopeleka dawa na barua kule milimani. Anaishi hapahapa Mpwapwa, upande wa pili wa kilima, lakini siku hiyo alizunguka mji mzima angani ili tu watu waone kwamba Wahehe wamefika. Akashuka uani kwetu, vumbi likaingia kwenye wali.

"Hodi hapa!" akapaza sauti. "Mbona mbwa wenu hawabweki?"

"Walisikia harufu yenu mko bado Iringa," Bibi akamjibu kutoka kwenye kiti chake. "Wamepanda mlimani, wanarudi mkishaondoka."

"Na nyie Wagogo leo mmeweka mikono mifukoni! Mifuko mmeazima wapi? Mimi nilidhani Mgogo anazaliwa kiganja kiko wazi."

Watu wakacheka mpaka mahema yakatikisika. Bibi alikuwa anang'aa. Kibuyu cha wajukuu alikuwa amekipakata kama mtoto.

Mzee Nyenza akakiona.

"Ahaa! Huyu bibi kakumbatia nini? Mtani, hiki nakitaifisha!" Akakichukua mapajani mwa Bibi mchana kweupe, akakiinua juu watu wote wakione.

Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Sijawahi kusema mbele ya watu wengi namna ile. Nikasema.

"Mzee, usinywe! Hayo maziwa yana bakteria! Yatakunenepesha!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Mmemsikia?" Mzee Nyenza alikuwa anafuta machozi. "Mgogo kaona maziwa yanaondoka, katunga ugonjwa! Kweli huyu mtoto mmemfundisha!"

"Ni kweli! Ni ya Bibi, ana kibali!"

"Kibali cha maziwa!" Wakazidi. Hata Baba alicheka. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa mtani hodari. Mzee Nyenza akakiweka kibuyu mdomoni akanywa chote bila kupumua, akatoa mbweu, akasema Wagogo hawajui kitu kingine duniani ila maziwa wanayajua. Na kibuyu akaondoka nacho.

Nikakimbilia jikoni kwenye akiba. Kibuyu cha pili kilikuwa mezani, kimefungwa utepe mwekundu. Mama, kwa kuwaheshimu wakwe, alikuwa amekimwaga, akakisugua ndani kwa kaa la moto kama inavyotakiwa, awape zawadi. Kilinukia vizuri sana, na ndani hakukuwa na aliye hai.

*

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Turudi asubuhi ile ya choo.

Baada ya uji Mama akaniita. "Nenda kwa Mzee Nyenza ukachukue kile kibuyu. Kwa nini kikae kule na ni cha mama yake Bibi?"

"Loisi aende."

"Loisi ni mchumba wa kwao, haendi ovyo. Nenda wewe, hawatakula. Wewe si mbwa."

Nikapanda kilima. Nilimkuta Mzee Nyenza uani anaruka kamba. Mtu mzima, na shati la urubani, anaruka kamba kama mtoto wa darasa la pili. Vifungo vya juu vya shati vilikuwa vimefungwa. Vya chini vilishajiuzulu. Mkewe, Mama Agripina, alikuwa kwenye mkeka anabangua karanga, na kila mzee akitua chini, yeye anaitikia, "Ehe! Dunia imesikia!"

Aliponiona akaacha kamba, akashika magoti, akahema.

"Mtani! Umekuja kuomba nini?"

"Kibuyu," nikasema.

"Si nilisema! Hajakaa hata, keshaomba!"

"Mwache mtoto wa watu," Mama Agripina akamwambia. "Karibu, Damari. Kibuyu chenu nilishakiosha na kukifukiza vizuri. Subiri nikutilie karanga, chombo cha watu hakirudi kitupu."

Nilikuwa na tumaini la ukoko.

Mzee Nyenza akajibwaga kwenye kigoda. "Niangalie, mtani. Naishi kwa kabichi. Kabichi ya kuchemsha! Nyama sijaigusa, pombe ya ulanzi nanusa tu. Na bado kila asubuhi naongezeka. Jumatatu tunapimwa marubani. Ukivuka kilo tisini kipanga hurushi, sheria haina undugu. Mimi niko tisini na moja, na leo ni Jumamosi."

"Na ukivuka?" nikauliza.

"Watanikalisha ofisini nigonge mihuri." Alicheka, lakini aligeuka akakitazama kipanga chake kilichoegeshwa nyuma ya zizi, namna Baba anavyomtazama ng'ombe anayeumwa. "Choo kinaniambia, 'Mzee Nyenza, una wageni shambani.' Nikakiambia, mimi Mhehe, mgeni simfukuzi."

Wageni!

"Mzee," nikasema, "ni yale maziwa ya..."

"Maziwa! Unasikia, Agripina? Bado wanayalilia! Mtani, maziwa yale yalikuwa matamu, nikikumbuka nasahau kabichi." Akasimama, akafunga kamba za viatu kwa taabu. "Mimi nakwenda kukimbia mpaka mtoni. Wewe jisikie nyumbani. Ukiona kitu unakitaka, chukua. Chochote! Si ndiyo desturi yetu?"

Akaondoka anakimbia, taratibu, kila mtu njiani anamsalimia na kumcheka.

Nikaomba kwenda chooni.

*

Choo chao ni cha kisasa, kinanong'ona, na ukutani kina kioo kidogo kinachoonyesha mchoro wa shamba la mtu wa mwisho. Sikupaswa kuangalia. Niliangalia. "Wageni: zaidi ya theluthi ya shamba. Asili haijulikani." Na chini yake mistari ya rangi: miwili ya kahawia, mipana, na mmoja mwembamba kama unywele.

Mistari hiyo niliiona muhula mzima kwenye kioo cha maabara ya shule. Ningeitambua hata ndotoni.

"Hamjambo," nikawanong'oneza.

Walikuwa wazima kabisa, wamenawiri na kuzaana, wanakamua kabichi ya Mzee Nyenza mpaka tone la mwisho, kama nilivyowafundisha. Nilijikuta natabasamu mwenyewe chooni kwa watu.

Kila choo kina droo ndogo ya sampuli upande wa kulia. Kila siku kinabana punje moja iliyofungwa vizuri, haina harufu wala nini, ukubwa wa karanga, kwa ajili ya zahanati ikihitaji. Watu wengi wanasahau kama iko. Nikaivuta. Punje ya leo ya Mzee Nyenza ilikuwemo, taa ya kijani inawaka: hai.

Nikaichukua. Ilikuwa na joto.

Ningeiweka tu mfukoni. Nyumbani nawaamsha kwa maziwa, zahanati inawapima upya, Bibi anakunywa, mwezi ujao unaisha yuko arobaini. Na mwenyewe kasema chochote. Na yeye alichukua cha Bibi bila kuomba. Na nikimwambia ukweli, atafanya nini? Atakimbilia dukani kwa Mama Dorkasi, atameza kidonge cha kufyeka leo hii ili Jumatatu apite, na wajukuu wote wataondoka na maji. Mtu yeyote angefanya hivyo. Nikinyamaza, wanabaki hai hata kama punje hii itaharibika. Anaongezeka, anagonga mihuri, lakini wapo.

Nilisimama na ile punje kiganjani muda mrefu mpaka Mama Agripina akauliza kama choo kimeniuma.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilisikia kimya. Siku ya mahari Mzee Nyenza alikiinua kibuyu juu, watu wote waone, Bibi apate kumtukana. Ndiyo utani huo, unamchukulia mtu machoni pake ili na yeye apate kukurudishia. Mimi nilikuwa nimejifungia chooni, na hakukuwa na mtu wa kunitukana. Tena "chochote" alichosema yeye kilikuwa chochote cha nyumbani, bakuli, kuku, kofia. Hakujua kama na tumbo lake limo.

Kosa lake lilikuwa la kutonisikia nilipopiga kelele. Mimi hata kunong'ona sijanong'ona.

Nikairudisha punje, nikafunga droo. Nilipotoka Mama Agripina akanipa kibuyu kimejaa karanga mpaka shingoni, akanishika shavu. "Msalimie Bibi. Mwambie mzee wangu anamkumbuka mpaka anaota." Nikashindwa kumwangalia.

*

Nilimkuta Bibi jikoni anamsubiri mtu wa kuzungumza naye. Nikammwagia karanga na maganda yake kwenye ungo mapajani, nikamwambia yote. Kwa Bibi sioni haya. Labda kwa sababu lazima niseme kwa sauti, na ukishaanza kupiga kelele aibu inachoka yenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, anatafuna.

"Ulikuwa nayo mkononi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukairudisha?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe," akasema. "Ungechukua tu! Mimi nikiwa na miguu yangu ningechukua na droo yenyewe."

Halafu akaanza kucheka, na kicheko cha Bibi siku hizi kinamtikisa mwili wote maana hauna uzito wa kukizuia. "Yaani Mhehe kabeba mimba ya wajukuu wangu, na anaruka kamba!"

Loisi alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaja akakaa chini, akaanza kubangua. "Lakini Damari, ukimwambia si atawafyeka?"

"Atawafyeka."

"Na usipomwambia?"

"Ataendelea kula kabichi na kunenepa, ataacha kuruka, na hatajua ni nini kimempata. Atadhani ni uzee."

Bibi akaacha kutafuna. Aliupiga ungo mara mbili tatu, maganda yakaruka. Nilijua anafikiria nini, au nadhani nilijua. Anaziona zile ngazi za kanisa. Kwaya ya akina mama inasimama kuimba na yeye kila Jumapili anaimba amekaa, kichwa kimefika viunoni mwa wenzake.

"Kudhani ni uzee," akasema. "Hilo ni baya. Mimi nililidhania hilo mwaka mzima kabla choo hakijaniambia ni shamba." Akaniangalia. "Mwambie. Kwenda kumwambia huwezi, atakucheka tena na wewe utafyata. Andika."

"Nikiandika nayo atadhani utani."

"Mwamkie. Umeshawahi kumpa Mzee Nyenza shikamoo?"

Sikuwahi. Mtani haamkiwi kwa heshima zote hizo, anatupiwa neno.

"Basi akiona shikamoo ataketi chini mwenyewe. Lakini mwishoni umtukane kidogo, asije akadhani tuna msiba."

Nikachukua simu, nikakaa kwenye gunia la mahindi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Loisi alitaka kuchungulia nikamgeuzia mgongo. Mwisho ikawa hivi:

*Shikamoo Mzee Nyenza. Ni Damari wa kwa Chibago. Sikuiti mtani, ili ujue hapa sifanyi utani. Maziwa uliyokunywa siku ya mahari yalikuwa na bakteria niliowakuza kwa ajili ya Bibi Yusta, anenepe apasuliwe nyonga. Sasa wako tumboni mwako na ndio wanaokunenepesha. Si uzee, wala si ulafi. Kidonge cha kufyeka kitawaondoa. Ukimeza mapema huenda Jumatatu ukapita. Ila ujue hawapo popote pengine duniani, ni wewe tu unao. Leo nilifungua droo ya choo chenu nikaishika punje yako, nikairudisha, maana hukuwepo kuniona. Kwa hiyo nakuomba: kabla hujafyeka, tupe punje moja. Ukisema hapana, sitanuna, na Bibi hatanuna. Ndiyo, Mgogo anaomba. Cheka ukimaliza, kisha unijibu.*

Nikamsomea Bibi kwa sauti kubwa. Ng'ambo ya ukuta Mama Dorkasi aliacha kufagia, nikajua keshasikia. Haidhuru.

"Na tusi?" Bibi akauliza.

Nikaongeza: *Bibi anasema, mla mbwa wewe, nirudishie wajukuu wangu, na karanga zenu nusu ni mbovu.*

"Hapo sawa," akasema, na kutupia nyingine mdomoni.

Nikatuma.

Ikaonyesha imefika. Tukaitazama wote watatu. Baada ya kitambo ikaonyesha imesomwa.

"Kajibu?" Bibi akauliza.

"Bado."

"Mhehe anasoma polepole."

Siku ikaenda hivyo mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya kilima, upande wa kwao. Nilitega sikio labda nisikie pangaboi. Duka la Mama Dorkasi lilikuwa bado wazi, na kila mlango wake ulipolia niliinuka kuchungulia nani kaingia. Mtoto kanunua chumvi. Mwalimu mmoja kanunua sabuni.

"Sasa kajibu?"

"Bado, Bibi."

"Labda anacheka," Loisi akasema.

Mama akaingia na maziwa ya jioni, ndoo ina povu. Alitutazama nyuso. Nadhani na yeye alikuwa amesikia, nyumba yetu haina siri. Akayabandika motoni, yakachemka, akaipua, tukayaacha yapoe mpaka kidole kikavumilia, joto lilelile wajukuu wanalolipenda. Bibi akanipa kibuyu cha mama yake. Nikayamimina humo. Sikukifunga.

Nikakisimamisha katikati ya ungo wa karanga kisianguke, na simu nikailaza kando yake, kioo juu. Tukaendelea kubangua. Kioo kilikuwa bado cheusi, na maziwa yalikuwa bado ya vuguvugu.